Kamera chini ya bawa: ikiachia, itakwenda wapi?

Swali la msomaji: Shikamoo fundi. Mwaka huu nimepata leseni ya urubani binafsi, na mwezi ujao nategemea kukodi Cessna 172 pale uwanja wa Arusha niende Zanzibar na marafiki wawili. Nimenunua GoPro pamoja na kile kikombe cha mpira cha kunyonya. Nataka kuibandika chini ya bawa nipate picha kama zile za YouTube. Rafiki yangu aliibandika kwenye boneti ya gari toka Arusha mpaka Moshi, haikutikisika hata kidogo. Je, kwenye ndege itashika? Kuna kibali? Na kwa nini kwenye video nyingi pangaboi la ndege linaonekana limepinda kama ndizi?

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa leseni. Umeuliza matatu. Naanza na la kwanza, kwa sababu ndilo lililokaa vibaya.

Karibu kila anayeniletea kamera hangani huuliza kama itashika. Mimi humrudishia swali: ikiachia, itakwenda wapi? Ikiachia ndani ya ndege, itaangukia mapajani kwa rafiki yako na mtacheka. Ikiachia chini ya bawa inakwenda nyuma, na nyuma kuna mkia. Kwa hiyo jibu langu la haraka ni kwamba kikombe hicho usikibandike nje ya ndege. Ndani, karibu sana. Nje inawezekana, lakini kwa kifaa kingine na kwa kupitia kwa mhandisi mwenye leseni.

Rafiki yako wa Moshi hajadanganya, ila gari si ndege. Tuseme alikuwa anakimbia kilomita 80 kwa saa. Kamera yenye uso wa sentimita saba kwa tano, kwa mwendo huo, upepo unaisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 120 hivi. Hiyo ni ndogo kuliko uzito wa kamera yenyewe, ambayo ina gramu 150 na ushee. Tatizo ni kwamba nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kipima mwendo cha 172 kikisoma noti 120, yaani kama kilomita 220 kwa saa, kamera ileile inavutwa kwa karibu kilo nzima. Kwenye mstari mwekundu wa kipima mwendo, yaani mwendo usioruhusiwa kuvukwa, ambao kwa 172S ni noti 163, inafika kama kilo 1.8. Ukitaka kuona maana yake, bandika kikombe chako kwenye kigae cha ukutani, chomeka kile kimkono cha plastiki, halafu kwenye ncha yake ning'iniza pakiti ya sukari ya kilo moja. Iache saa mbili. Na hapo ukuta hautetemeki, wala hakuna injini ya silinda nne inayopiga meta mbili kutoka hapo.

Kuna jambo moja marubani wapya hulisahau. Juu, kwenye futi 9,500, kipima mwendo chako kitasoma noti 100 na kidogo hata kama unakwenda 120 za kweli, kwa sababu hewa ni nyepesi, na kamera nayo inasikia hiyo 100. Mvuto mkubwa unakuja wakati wa kushuka, pua iko chini, mwendo unapanda, Unguja inaonekana na kila mtu ndani ameshaanza kufikiria pweza wa Forodhani. Hapo ndipo mikono ya plastiki hukatika.

Kikombe chenyewe nacho kina ugonjwa wake. Watu hudhani kinavuta. Hakivuti chochote, hewa ya nje ndiyo inayokigandamiza kwenye bati, kwa kuwa ndani yake umepunguza hewa. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 857. Ukipanda futi 9,500 unabaki na kama 710. Umeshapoteza asilimia 17 ya kinachokishikilia kikombe, na kusema kweli ni zaidi, kwa sababu ndani ya kikombe huwa kuna hewa kidogo iliyobaki, nayo inasukuma kwa nje. Ongeza baridi ya huko juu inayokaza mpira. Ongeza vichwa vya ribiti, maana bati la bawa si kioo, na ukingo wa kikombe ukikanyaga ribiti moja tu, hewa inaingia taratibu. Ongeza vumbi letu la Arusha, lile jembamba jekundu unaloliona kwenye kidole hata ndege ikiwa imeoshwa jana.

Nikupe kisa. Miaka kadhaa iliyopita ndege moja ya kukodi iliingia hangani kwa ukaguzi wa saa 50. Rubani hakuandika kitu kwenye kitabu, hakusema kitu. Nilikuwa napitisha kitambaa kwenye ukingo wa mbele wa mkia wa mlalo, upande wa kulia, kidole gumba kikazama. Kibonde kidogo, urefu wa kidole, rangi imechubuka mpaka bati linang'aa, na pembeni, kwenye kichwa cha ribiti, kimenasa kipande cheusi cha plastiki kidogo kama punje ya mchele. Nikaenda mbele, nikalala chini ya bawa. Palikuwa na duara la vumbi, safi katikati, ukubwa wa kisosi. Sikuhitaji mpelelezi. Nilimpigia simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Fundi, mimi nilidhani imeangukia porini tu."

Alikuwa na bahati kuliko alivyojua. Mkia wa mlalo wa 172 una upana wa karibu meta 3.5 tu, na mabawa yanatoka mbali zaidi. Kamera iliyofungwa mbali, nje kwenye ncha ya bawa, ingeweza kupita pembeni. Lakini hakuna anayeifunga kule, kwa kuwa kila mtu anataka sura yake ionekane dirishani. Anaifunga karibu na mlango, na hapo ndipo ilipo njia ya moja kwa moja kwenda mkiani. Ingepiga sentimita chache nyuma zaidi ingeweza kukwama kati ya mkia na kiinuzi, ile sehemu inayocheza juu na chini ukivuta usukani. Kibonde tulikitengeneza. Ndege ilikaa chini siku tano na mwenyewe alilipa, tena bila bima, kwa sababu bima walipouliza kamera iliruhusiwa na nani, hakukuwa na jibu.

Na kama ingeangukia porini kweli? Kijisanduku cha gramu 150 kikidondoka toka juu kinaishia kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa hivi. Kuna video maarufu iliyosambaa mwaka 2014, kamera imedondoka toka kwenye ndege ya waruka kwa miavuli kule California, ikazunguka kama pia, ikaangukia kwenye zizi la nguruwe na ikaendelea kurekodi mpaka nguruwe akaja kuionja. Watu walicheka dunia nzima. Ukiondoka Arusha, chini ya bawa lako kuna mashamba ya kahawa, mabati ya shule na watu.

Sasa tuje kwenye bawa lenyewe. Unapofanya ukaguzi wa kuizunguka 172, simama upande wa kushoto uangalie vizuri. Chini ya bawa pametokeza bomba la pito, linalokupa mwendo. Kwenye ukingo wa mbele kuna kitundu cha honi, ile inayolia bawa likikaribia kupoteza mnyanyuo. Na nyuma ya nguzo ya bawa, karibu na pale inaposhika bawa, kuna kibomba kidogo kinachochungulia: hicho ndicho pumzi ya matangi ya mafuta. Kimewekwa nyuma ya nguzo makusudi, ili kipate kivuli cha upepo. Ukiweka kamera mbele ya vitu hivi, upepo unaovifikia si ule uliokusudiwa na mtengenezaji. Kipima mwendo kinaweza kudanganya, honi ikachelewa, na tangi likashindwa kupumua sawasawa. Kwa hiyo bawa la kushoto lisahau kabisa, hata kwa kifaa kilichoidhinishwa, mpaka maandiko ya kifaa hicho yaseme vingine kwa ndege hiyo.

Sehemu zinazocheza ndizo usizigusie hata kwa utani: eleroni, kiinuzi, usukani wa mkia, flapu. Sisi mafundi tukipaka rangi eleroni tunarudi kuipima mizani, kwa kuwa uzito wa rangi peke yake unaweza kuifanya ianze kupigapiga kwenye mwendo mkubwa mpaka ijing'oe. Rangi tu! Wewe unataka kuweka gramu 150.

Kuhusu kibali. Cheti cha ndege kuruka kinasimama juu ya jambo moja: ndege ifanane na muundo ulioidhinishwa. Ukifunga kitu nje, umebadilisha muundo, hata kama ni kwa saa mbili. Hapa kwetu mambo hayo yako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na utaratibu wa kawaida ni kwamba mhandisi mwenye leseni anahitaji data iliyoidhinishwa ya kifaa hicho kwa aina hiyo ya ndege, anakifunga, anaandika kwenye kitabu cha ndege na kutia sahihi. Data isipokuwepo, swali linapanda ngazi kwenda mamlaka yenyewe. Wenzetu wa Uingereza wana waraka mzima wa kamera kwenye ndege, CAP 1369. Usome hata kama hautuhusu kisheria, utaona mafundi wa huko wanaumwa kichwa kilekile. Halafu wewe unakodi. Ndege ina mwenyewe, na huyo ndiye wa kwanza kuulizwa, kabla yangu. Nakwambia haya kwa sababu nimeona vijana wakidhani neno "imenunuliwa dukani" lina uzito sawa na "imeidhinishwa".

Ukipata ruhusa na bado unaitaka picha ya nje, mimi hupendelea kifaa kinachoshika kwenye pete ya kufungia ndege chini ya bawa la kulia, au kifuniko cha tundu la ukaguzi kilichotengenezwa na shimo la kamera tayari. Vyote viwili vinashika chuma kwa bolti, havitegemei hewa. Klampu za kubana nguzo ya bawa zipo, lakini zinataka mkono mwepesi: ikilegea inazunguka, ikikazwa sana inakwaruza rangi na kuacha njia ya kutu, na nguzo ile ndiyo inayolibeba bawa. Weka mpira katikati, na baada ya kila safari fungua uangalie.

Kamba ya akiba ni lazima, na hapo ndipo watu hukosea wakidhani wamepatia. Wanaifunga kamba kwenye mkono uleule wa kamera. Mkono ukikatika, kamba inaondoka nao. Ishike sehemu nyingine kabisa ya ndege, iwe waya mwembamba wa chuma, na iwe fupi, sentimita chache tu. Kamba ndefu inaigeuza kamera kuwa nyundo, itapiga bati mpaka mtue.

Tuingie ndani, ambako nadhani utapata video nzuri kuliko unavyotarajia. Hapa kikombe chako kina kazi, ila sikiliza hili kwanza: madirisha ya Cessna si kioo, ni akriliki. Usiyasafishe kwa spiriti wala zile dawa za vioo vya nyumbani zenye amonia. Zitaleta mipasuko midogomidogo kama nywele, ambayo haitoki tena. Maji, sabuni laini kidogo na kitambaa cha pamba, basi. Bandika, subiri nusu saa, vuta kwa nguvu kabla hujawasha injini.

Juu ya dashibodi pana vishawishi vingi na ndipo pabaya kuliko pote ndani. Jua la saa tano linaoka pale mpaka kamera inajizima yenyewe kwa joto. Kila kilicho juu ya dashibodi kinajirudia kwenye kioo cha mbele kama mzimu. Na dira yako ya sumaku iko palepale. Kamera ina spika na nyaya, inaweza kuivuta nyuzi kadhaa. Jaribu hangani: sogeza kamera taratibu kuelekea dira uangalie namba zinavyotambaa. Vishikizi vya sumaku usilete hata kwenye begi la mbele.

Mahali pangu ninapopapenda ni dirisha la nyuma la pembeni, kamera ikitazama mbele kupita bega la rubani, ionekane mikono yako, vipimo na kipande cha upeo. Ya pili, kama unayo, kwenye dirisha hilohilo upande wa pili ikitazama nje, nguzo ya bawa ikiwa kwenye fremu. Ukishafunga, kaa kitini, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote, vuta hadi tumboni, sukuma, kanyaga pedeli zote mbili. Waya wa chaji usipite popote miguu inapopita. Kwenye mipangilio, zima utulivu wa picha: ule utulivu unafuata dunia ya nje, hivyo ndege ikilala kona utaona ndani yote inayumba kama chombo kwenye mawimbi. Kadi iwe kubwa. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula kama gigabaiti 45, na safari yako ni maili za baharini 230 hivi, saa mbili. Betri moja haitafika. Sauti ya injini haina utamu wowote kwa saa mbili, kwa hiyo tafuta maikrofoni ndogo ya waya uichomeke ndani ya kikombe cha sikio cha hedseti. Utapata mazungumzo yenu na mnara bila ngurumo.

Na lile la ndizi. Kihisi cha kamera hakichukui picha yote kwa mpigo. Kinasoma mstari kwa mstari, kama wewe unavyosoma ukurasa. Pangaboi likienda mizunguko 2,400 kwa dakika, hiyo ni 40 kwa sekunde. Kihisi kikichukua hata sehemu ya mia moja ya sekunde kumaliza ukurasa, panga limeshageuka zaidi ya theluthi ya mzunguko. Mistari ya juu imeliona sehemu moja, ya chini imeliona kwingine, na ukiiunganisha unapata ndizi, wakati mwingine vipande vinavyoelea hewani. Kinacholifanya lionekane wazi namna hiyo ni jua. Kwenye mwanga mkali kamera inafungua jicho kwa sehemu ya 2,000 ya sekunde, muda ambao panga linasogea nyuzi saba tu, kwa hiyo linaganda kwenye kila mstari. Dawa ni kulitia ukungu. Ivishe kamera filta nyeusi, ND16 au ND32, shusha jicho mpaka sehemu ya 60 ya sekunde, na panga litayeyuka kuwa kivuli chepesi kama tunavyoliona kwa macho. Filta hiyo ni ya kamera inayotazama nje. Inayotazama vipimo itakuletea giza. Filta ya kupunguza mng'ao wa maji usiitumie nyuma ya akriliki, itachora madoa ya upinde wa mvua kwenye dirisha lote.

Jambo la mwisho si la ufundi. Mei 31, 2014, karibu na mji wa Watkins, Colorado, Cessna 150 ilianguka usiku na watu wawili wakafa. Wachunguzi wa NTSB, chombo cha Marekani kinachochunguza ajali za ndege, waliikuta GoPro, na ndani yake kulikuwa na picha za safari fupi zilizotangulia: ndege inaruka chinichini, kuna giza, na watu wanajipiga picha kwa simu yenye mwanga wa flashi. Walihitimisha kwamba simu huenda ilimpoteza rubani umakini, akapoteza mwelekeo na kushindwa kuimudu ndege. Kamera yenyewe haikuwa na kosa. Kwa hiyo bonyeza kitufe kabla ya kuwasha injini, na usiiguse tena mpaka umezima injini Zanzibar. Taa nyekundu ikizimika angani, imezimika. Mpe rafiki mmoja kazi hiyo, naye awe amekaa nyuma.

Sasa kwa safari yako. Utakuwa unaelekea kusini-mashariki, na ukiondoka asubuhi jua litakuwa mbele yako upande wa kushoto. Kamera inayotazama mbele itaona weupe mtupu mpaka saa nne. Lakini Kilimanjaro inaonekana asubuhi. Mchana huwa imeshajifunika. Geuza basi ile kamera ya dirisha la kushoto itazame nyuma. Mlima utakuwa nyuma ya bega lako, umeangazwa, kisha Upare itapita, kisha Usambara, zote upande huohuo na jua likiwa mgongoni kwa kamera. Ya kulia iache iendelee kurekodi mpaka mwambao kati ya Pangani na Saadani, pale maji yanapobadilika rangi. Na filta ufunge ukiwa chini hapa Arusha. Nimeshaokota moja chini ya pedeli.